Kuzidisha, kwenye Barza ya Mama Mbombo

Wengine wakiacha kazi wanapewa saa ya ukutani na chupa ya kinywaji. Mimi nilipewa chanuo la mkia lenye meno mawili yaliyovunjika, nikaambiwa nisilipoteze. Nina miaka kumi na nane. Plamedi na Dorcas, najua mtacheka mkisoma kwamba mtu wa umri huu anaandika kumbukumbu za kazini kama mzee aliyetoka reli. Chekeni tu. Nilianza kushika nywele za watu kwa Mama Mbombo nikiwa bado shule ya msingi, na nimeacha sasa kwa sababu masomo ya uuguzi hayangoji mtu. Nyinyi wawili ndio mnabaki kushika nywele kwake, na hakuna mtu mwingine pale atakayekaa chini kuwaeleza. Mimi pia nisingeweza kuwaeleza kwa mdomo. Mnanijua.

Sitaandika lini nilianza kulipwa, wala lini niliacha kuwa mtoto wa kushika nywele nikawa msusi. Nitaandika juu ya neno moja, kuzidisha, ambalo mtalisikia kila siku pale barzani. Na nitaandika juu ya Ornella, kwa sababu siwezi kuandika bila yeye. Nilijaribu. Ukawa ukurasa mmoja na nusu.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, ile baridi ya Lubumbashi inayofanya watu wavae makoti na kulalamika kana kwamba haikuja mwaka jana. Mama alinishika mkono tukatembea kutoka Kampemba hadi Kamalondo. Mama Mbombo alikuwa ameketi kwenye barza mbele ya nyumba yake, kati ya fundi cherehani na baa inayoanza muziki kabla watu hawajala. Mwanamke mkubwa, Mkasai, sauti nzito. Hakunitazama usoni. Alichukua mikono yangu akaigeuza juu na chini kama mtu anayechagua samaki sokoni.

"Hii mikono haina haraka," akasema. "Nitabaki nayo."

Mama akaona ni vizuri asiseme uongo kwa mtu aliyemwita yaya, dada mkubwa. "Yaya, huyu mutoto hana maneno. Iko na haya sana."

"Njo muzuri. Bale ba maneno beko bengi hapa." Wenye maneno alikuwa nao tayari.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mèches, zile nywele za kuongezea. Mnadhani ni kazi ya kitoto. Si kweli. Fungu likitoka kwenye mfuko, ncha zake zimekatwa sawasawa kama ufagio. Lazima uzivute polepole, zipishane, ili suko likiisha liishe jembamba, siyo kama mkia wa panya uliokatwa na mlango. Kisha unazigawa, unene mmoja, unazitundika mgongoni mwa kiti, na unatoa moja kabla mkono wa msusi haujaomba. Mkono ukiomba, umeshachelewa. Nilijifunza hivyo kwa kutazama tu, na kwa kupigwa vidole na chanuo mara moja, kwa ajili ya kalanga.

Kopo la kalanga mnalijua, liko pale dirishani. Siku ile ya kwanza nilidhani ni ukarimu wa nyumba, nikachota kiganja kizima. Chanuo likashuka.

"Ile haiko chakula," Mama Mbombo akasema. "Ile iko kazi."

Nilielewa baadaye, nilipomwona akifika ukingoni mwa nywele, kule mbele na kwenye panja, pale kando ya jicho ambapo nywele zinabaki laini kama za mtoto hata kwa bibi kizee. Akifika pale, anampa mteja kalanga. "Tafuna, mama." Mteja anatafuna na kufurahi, anadhani amependwa. Mama Mbombo anaweka vidole viwili kwenye panja. Taya likienda, ngozi ya pale inapaswa kwenda nalo. Ikikaa kimya kama ngozi ya ngoma, basi umevuta kupita kipimo. Nywele zile zitashikilia wiki moja, mbili, kisha zitaondoka na mizizi yake, na pale patabaki uwanja.

Siku ile nilipomwona, ngozi ya mteja ilikaa kimya. Nikamsikia anajiambia mwenyewe, kwa sauti ndogo, "Nimezidisha." Akafungua yote ya mbele, akaanza tena. Ndipo nilipolijua lile neno. Nililisikia kwanza kwa mtu mzima akijisemea mwenyewe, na nadhani ndiyo maana halikuwahi kuwa jepesi kwangu.

Kwingine ni jepesi. Nyumbani mama analisema juu ya chumvi ya mboga ya sombe. Baba analisema juu ya kanisa la jirani na vipaza sauti vyake. Barabarani msichana akipita amevaa akapendeza, vijana wa baa wanapiga kelele, "Eh! Huyu anazidisha!" na msichana anaongeza mwendo, lakini mwendo wa furaha. Kamalondo wanalitupa hivyo, kama maji ya kuoshea vyombo.

Barzani kwetu hapana. Pale mtu akikuambia "umezidisha", mikono inatoka kichwani mwa mteja papo hapo. Husemi ngoja nimalize hili moja. Husemi hapana. Unatoa mikono, unagusa, unafungua. Na analisema aliye juu kwa aliye chini. Mteja mwenyewe usimtegemee, maana mteja anataka kupendeza. Atakuambia haiumi na machozi yanashuka.

Sasa Ornella.

Alikuja misimu miwili ya mvua baada yangu. Alikuwa ananizidi umri, kwa hiyo nilimwita yaya, lakini barzani mimi nilikuwa wa kwanza. Kumbukeni jambo hilo. Alikuja na vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wiki ya kwanza alishajua jina la kila mteja na jina la mume wa kila mteja. Mimi Tina, baada ya miaka ile wateja bado walikuwa wananiita Bubu. "Bubu, nipe maji." "Bubu, fungua mwavuli." Walisema kwa upendo, na mimi nilileta maji.

Kuna siku alikuja mama mmoja wa Golf, mtaa wa matajiri, gari likabaki linaunguruma pale nje. Akaonyesha picha kwenye simu: masuko membamba sana, yamekazwa yote juu, fundo katikati. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikaona kabla ya wote kwamba panja zake zimekwisha, nywele chache tu, kama majani ya uwanja wa mpira. Nililiona. Nikaendelea kugawa mèches.

Mama Mbombo akamwambia wazi, "Mama, hizi nywele zimechoka. Tukizikaza zitaenda, na hazitakuaga."

Yule mama akakasirika. "Weye njo unanifundisha kichwa changu?"

Ornella akainama mpaka uso wake ukakaa karibu na wa yule mama. "Tantine, na hii sura yako, juu ya nini tuvute nywele? Tuache zishuke hivi, hivi. Papa akuone asahau njia ya kazi."

Barza nzima ikacheka, yule mama naye akacheka, akakubali. Tangu siku ile akija anauliza Ornella yuko wapi. Mimi nilikuwa nimeona kwanza. Lakini kuona bila kusema, nani anakuhesabia?

Nitasema ukweli, maana mtu akiacha kazi hana tena cha kuficha: nilikuwa na wivu mpaka tumboni. Nilijifunza kicheko chake mbele ya kioo nyumbani, mdogo wangu akaja kuniuliza kama nina kwikwi. Jumapili kwenye misa nilikuwa nakaa nyuma ya wanawake aliowasuka, naangalia mistari yake, natafuta penye kupinda, natafuta suko nene kuliko jirani yake. Sikupata. Misa inaharibika kabisa ukitafuta kosa la mtu usilipate. Padri anahubiri juu ya msamaha na wewe uko na kichogo cha mtu machoni.

Halafu ikaja arusi ya Naomie.

Naomie ni mtoto pekee wa Mama Mbombo. Kichwa chake nilikuwa nakijua kuliko changu. Nilimsuka kwa ajili ya shule miaka yote ile, najua pale nywele zinapozunguka upande wa kushoto, najua kovu la kuanguka kisimani. Na mikono ya Mama Mbombo ilikuwa imevimba tangu baridi, vidole havikunjiki. Kila mtu barzani alijua kwamba mmoja kati yetu wawili ndiye atamsuka bibi arusi. Nilikitaka kile kichwa. Sijawahi kutaka kitu namna ile, hata kufaulu mtihani wa mwisho wa shule.

Mama Mbombo alilisema tukiwa tunafagia, kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Ornella atashika kichwa. Tina atashika mèches."

"Ndiyo, mama," nikasema. Nikaenda nyuma ya nyumba kuosha machanuo. Yalikuwa safi. Nikayaosha.

Siku yenyewe barza ilijaa mashangazi, wengine wamesafiri kutoka Kasai, wanaimba, wanapigiana vigelegele kwa mambo yasiyo na maana. Naomie kwenye kiti, Ornella nyuma yake, mimi pembeni na mèches, kazi yangu ya siku ya kwanza. Ornella alikuwa anasuka taji la juu, refu, na alikuwa anasuka vizuri, niandike hivyo. Lakini alitaka taji ambalo Kamalondo nzima italisema. Alivuta. Akasema neno la kuchekesha, akavuta. Kila nilipompa nywele nilikuwa naona mshipa wa mkono wake unavyosimama.

Nikaiona panja. Vipele vidogo vyeupe, mzizi wa kila unywele umeinuka, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Nyusi za Naomie zilikuwa zimepanda, kama mtu aliyeanza kushtuka akasahaulika hapo. Alikuwa anacheka kwa mdomo tu. Uso wa juu haukushiriki. Kopo la kalanga lilikuwa dirishani, hakuna aliyeligusa. Ornella hakulipenda, alisema linachafua mapaja ya wateja. Mama Mbombo alikuwa uani na sufuria zake.

Neno nilikuwa nalo, nikampa Ornella nywele nyingine.

Nisikilizeni hapa. Sikuogopa kwamba wangenisingizia. Niliogopa kwamba wangesema ni wivu, na ungekuwa ni wivu kweli. Nilijiuliza: hivi vipele viko pale, au nimeviweka mimi, mimi niliyevitafuta kila Jumapili? Nikaangalia tena. Nikaangalia mbali, kwenye ukuta wa fundi cherehani, kisha nikarudisha macho ghafla ili nijidanganye nisijue ninachotafuta. Vilikuwepo. Na halafu, nani yuko juu ya nani? Barzani mimi ndiye wa kwanza. Kwa kuzaliwa yeye ni yaya. Hakuna mtu aliyewahi kutuambia neno lile linapita wapi kati ya watu wa namna hiyo.

Nikaweka mèches chini. Nikachukua kopo, nikaliweka mapajani mwa Naomie.

"Tafuna," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza tangu nifike.

Akatia kalanga mdomoni. Akatafuna mara moja, akafumba macho, akaacha.

Mashangazi wakaacha kuimba. Mama Mbombo alikuwa anatoka uani na mwiko mkononi. Akasimama mlangoni. "Nani ameleta kalanga?"

"Mi, mama."

"Juu ya nini?"

Alijua juu ya nini. Macho yake yalikuwa tayari kwenye panja ya mtoto wake. Angeweza kulisema yeye, na kila kitu kingekuwa rahisi, maana yeye yuko juu ya wote. Hakulisema. Alinitazama usoni, yeye ambaye siku ya kwanza alitazama mikono.

"Sema."

"Yaya Ornella," nikasema, "umezidisha."

Mikono ya Ornella haikutoka. Sikuwahi kuona jambo hilo pale barzani, mikono inabaki kichwani baada ya neno.

"Mama, ni wivu ile," akasema, na sauti yake haikuwa ya kuchekesha tena. "Huyu Bubu iko na wivu na mi tangu zamani. Hamuone macho yake?"

Mashangazi wote wakageuka kuangalia macho yangu. Ningeweza kuingia kwenye mfuko wa mèches nikafunga zipu.

"Ni wivu," nikasema. "Ni kweli. Niko nao mpaka sasa. Lakini gusa pale."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Ornella alinitazama. Kisha mikono yake ikatoka. Akaweka vidole viwili kwenye panja, kama tulivyofundishwa, na Naomie, macho bado yamefumba, akatafuna tena ile kalanga iliyobaki mdomoni.

"Yaya, inauma tangu asubuyi," Naomie akasema. "Niliogopa kuharibu kazi yako." Machozi yakashuka hapohapo, kana kwamba yalikuwa yanangoja ruhusa.

Ornella akaanza kufungua. Alifungua polepole, kutoka nchani, hakuvuta hata mara moja.

Na mimi, niliyekwisha kusema mbele ya watu wote kwamba nina wivu, nilikuwa tayari nimefuta mikono kwenye sketi. Nilidhani sasa nitaitwa. Nilisogea hata hatua moja.

"Ornella, anza tena," Mama Mbombo akasema. "Tina, umupe mèches." Akarudi kwenye sufuria zake.

Shangazi mmoja akapiga makofi. "Kumbe Bubu iko na kanwa!" Wakacheka, wimbo ukaendelea. Nikaokota mèches nilizokuwa nimeweka chini, nikapangusa vumbi, nikatoa ya kwanza. Mkono wa Ornella haukuhitaji kuomba.

Alisuka upya. Kila upande alipofika ukingoni alisimama, akampa Naomie kalanga kwa mkono wake mwenyewe, akagusa, akaendelea. Taji likawa fupi kidogo kuliko lile la kwanza, na zuri zaidi. Bibi arusi alipotoka kanisani akicheka, uso wake wote ukacheka. Vijana wa nje wakapiga kelele, "Eh! Bibi arusi anazidisha!" Ornella alisikia. Nilisikia. Hatukutazamana. Nina picha ya siku ile kwenye simu, na ile panja nimeikuza kwa vidole viwili mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika. Haina kipele hata kimoja.

Kwa hiyo Plamedi, kwa hiyo Dorcas. Siku moja mtaliona jambo kichwani mwa mtu, na moyo wenu hautakuwa safi. Msingoje moyo usafike. Unachelewa, na wakati huo kichwa kinauma. Na mkiambiwa neno lile na mtu mwenye wivu, toeni mikono kwanza, mgombane naye baadaye. Mtakuwa na jioni nzima ya kugombana. Ncha za masuko zichovyeni kwenye maji ya moto, lakini msimpe mtoto ashike sufuria. Mwenye vidonda kichwani mrudisheni nyumbani, hata akilia. Kalanga zikiisha nunueni zisizo na chumvi. Zenye chumvi mtazila nyinyi.

Siku yangu ya mwisho, Mama Mbombo alinipa lile chanuo, la siku zile vidole vyake vilipokuwa bado vinakunjika. Kisha akanionyesha kiti, kile cha wateja. Katika miaka yote ile sikuwahi kukikalia. Nilijua nani atasimama nyuma yangu kabla sijageuka.

Ornella alinisuka akiwa kimya. Sikumjua hivyo. Dorcas, wewe ulikuwa unashika mèches, ulichelewa mara mbili, nilisikia mkono wake ukingoja. Alipofika mbele, kopo likaja mapajani mwangu.

"Tafuna, Tina."

Hakusema Bubu.

Nikatafuna. Vidole vyake viwili vikakaa kwenye panja yangu, vyepesi. Nikatafuna polepole, upande wa kulia, upande wa kushoto, nikitafuta penye kuvuta, hata kidogo, hata unywele mmoja. Nilikuwa nimelitafuta kosa lile kwenye vichwa vya watu miaka yote, na sasa lilikuwa kwenye kichwa changu mwenyewe kama lipo. Nikachota kalanga nyingine.

"Iko namna gani?" akauliza. "Nimezidisha?"

Haikuuma popote.

"Hapana, yaya," nikasema. "Endelea."